Bwawa la samaki na ndege wa pwani: Maji kwanza, urembo baadaye

Mkazi wa Mikocheni anayetaka kuwaona changu na tasi wakiogelea hulazimika kupanda boti kwenda Bongoyo au Mbudya. Ndiyo maana bwawa la maonyesho lenye mchanga, miamba, samaki na ndege kama pwani halisi linaweza kuwa biashara nzuri. Lakini asiyeanza na maji atapoteza mtaji.

Mfano wa karibu uko Mnarani, Nungwi, Unguja, ambako wanakijiji walianza kutunza kasa mwaka 1993 katika bwawa la asili lililozungukwa na mwamba. Maji hupenya kwenye mwamba, yakipanda na kushuka kufuata kupwa na kujaa. Bahari yenyewe hufanya kazi ya pampu.

Mikocheni haina nafuu hiyo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, hivyo maji lazima yavutwe kwa pampu. Umeme ukikatika, samaki hukosa hewa. Jenereta ni sehemu ya mtaji.

Masika nayo ni mtihani. Mto Mlalakuwa huingiza baharini maji baridi na uchafu, wakati samaki wa bahari wanahitaji chumvi ya gramu 35 hivi kwa lita. Tangi la akiba huokoa siku hizo.

Kuchanganya ndege na samaki kuna hatari yake. Kinyesi cha ndege huzalisha amonia, ambayo ni sumu kwa samaki. Maji ya upande wa ndege yapite kwanza kwenye chujio la mchanga. Vijidudu vinavyoondoa amonia huchukua wiki kadhaa kuota humo, kwa hiyo samaki waingizwe wachache wachache.

Ufukwe uwe na mteremko mdogo. Maji yakishushwa na kupandishwa, vitwitwi na sululu hupata mchanga laini wa kuchokoa minyoo. Miamba ijengwe kwa zege, si kwa matumbawe ya kuvunja baharini. Zege jipya hutoa chokaa, hivyo lilowekwe na maji yabadilishwe mara kwa mara kabla ya kuweka samaki. Mabomba yawe ya plastiki, kwani shaba ni sumu.

Tasi hula mwani na kusaidia usafi. Chewa asichanganywe na samaki wadogo, atawamaliza.

Ndege wa porini hawakamatwi bila kibali cha mamlaka ya wanyamapori. Monterey, Marekani, katika jumba la samaki lililofunguliwa mwaka 1984, hutunzwa ndege wa pwani waliojeruhiwa wasioweza kurudi porini.

Bwawa likisimama, wavuvi watapata mnunuzi wa dagaa na vibua kila siku, na shule zitaleta wanafunzi. Mwenye mtaji mdogo aanze na tangi moja, alipitishe masika yote, ndipo aongeze la pili.