Ritifaa katika Hifadhidata: Juu ya Kujaribu Uhamisho wa Majina ya Kigusii

Katika vitabu vya sarufi ya Kiswahili, ritifaa hupewa aya moja au mbili tu. Mwanafunzi huelezwa kwamba alama hiyo hutenga king'ong'o cha kaakaa laini na mfuatano wa king'ong'o na kipasuo, ndiyo maana ng'oa si ngoa, kisha mwalimu huendelea na mambo mengine. Katika Kigusii, lugha ya Kibantu isemwayo katika kaunti za Kisii na Nyamira, alama hiyo hiyo imo katika majina ya watu. Jina Nyang'au ni mfano ulio wazi. Makala haya yanakusudia kueleza yanayolipata jina kama hilo pale kumbukumbu za watu zinapohamishwa kutoka umbo moja la hifadhidata kwenda jingine, na namna majaribio yanayoendeshwa na kompyuta yenyewe yanavyoweza kulilinda.

Hifadhidata ya programu ya wavuti haikai katika umbo moja tangu kuundwa hadi kuachwa. Majedwali huongezewa safu, safu hugawanywa au kufutwa, na kila badiliko la namna hiyo huandikwa kama hati fupi ya amri, ambayo hapa itaitwa uhamisho. Hati hizo hutekelezwa kwa utaratibu, kila moja mara moja tu. Chombo kiitwacho Liquibase, kwa mfano, huandika katika jedwali maalumu kila uhamisho uliokwisha kutekelezwa, pamoja na alama ya kuhakiki kwamba maandishi yake hayakuguswa baadaye. Kosa katika sehemu nyingine za programu laweza kusahihishwa kesho na kazi ikaendelea. Uhamisho uliokosewa huwa umekwisha kuiharibu kumbukumbu yenyewe.

Na ichukuliwe, kwa mfano, zahanati iliyoko Mosocho, kilomita chache kutoka mji wa Kisii. Jedwali lake la wagonjwa, lililoundwa zamani, lina safu za jina, mkoa, wilaya na mahali. Katiba ya mwaka 2010 ilileta kaunti 47, na baada ya uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013 serikali za kaunti zikaanza kazi. Mwandishi wa programu anatunga uhamisho: safu ya mkoa ifutwe, na penye wilaya pawe na kaunti. Kwa mtu wa Mosocho hakuna shida. Palipoandikwa Nyanza na Kisii, sasa ni Kaunti ya Kisii. Lakini Wilaya ya Nyamira ilikatwa kutoka Kisii mwishoni mwa miaka ya 1980, na mtu wa Ekerenyo aliyeandikishwa kabla ya hapo aliandikwa Kisii vilevile. Uhamisho unaotazama neno la wilaya peke yake utampeleka kaunti isiyo yake, na hakuna amri itakayolalamika.

Jaribio linalozoeleka huanza na hifadhidata tupu, huendesha mahamisho yote, na likifika mwisho bila kukwama huhesabiwa kuwa limefaulu. Hilo hupima sintaksia tu. Ni kama kuikubali sentensi kwa kuwa ina kiima na kiarifu, bila kuuliza inasema nini. Jaribio la kufaa huijenga hifadhidata hadi hatua iliyo kabla ya uhamisho unaochunguzwa, huingiza mistari yenye umbo la zamani, huendesha uhamisho huo mmoja, kisha husoma kila mstari na kuulinganisha na jibu lililotarajiwa. Mistari hiyo ya zamani yapasa kuingizwa kwa amri tupu za hifadhidata, wala si kwa kupitia programu ya leo, kwa sababu programu ya leo inalijua umbo jipya tu. Tena jaribio lifanywe katika hifadhidata ya aina ile ile inayotumika kazini. Katika PostgreSQL, amri nyingi za kubadili majedwali zinaweza kutenguliwa kazi ikikatika katikati. Katika MySQL kila amri kama hiyo hukamilishwa papo hapo, na uhamisho uliokwama huacha jedwali nusu jipya, nusu kuukuu.

Sasa ritifaa. Katika lugha ya amri za hifadhidata, alama hiyo ndiyo inayofungua na kufunga maneno. Mwandishi asiyejihadhari akiunganisha jina Nyang'au moja kwa moja katika amri, kompyuta huliona neno Nyang limekwisha, na herufi zilizobaki hazina maana. Kosa hilo lina fadhila moja: hupiga kelele. La pili hunyamaza. Ritifaa huandikwa kwa maumbo mawili, lililonyooka na lililopinda, na programu nyingi za kuandikia hulipinda bila kumwuliza mwandishi. Lililopinda huhifadhiwa katika mfumo wa UTF-8 kwa baiti tatu. MySQL kabla ya toleo la 8.0 la mwaka 2018 ilichukua mfumo wa latin1 pasipotajwa mwingine, na programu nyingi zilimimina baiti za UTF-8 katika safu za latin1 bila kujua. Siku safu hiyo inapogeuzwa kuwa UTF-8, kila baiti huhesabiwa kuwa herufi kamili, na jina la herufi na alama nane hutoka likiwa Nyangâ€™au, lenye kumi. Idadi ya mistari haikubadilika, kwa hiyo jaribio linalohesabu mistari hufaulu. Mgonjwa naye, akitajwa jina lake dirishani, haonekani, naye hufunguliwa faili mpya isiyo na habari za dawa anazotumia.

Kuna mfano wa kweli wa uhamisho uliotungwa kwa hadhari zaidi. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa uliotumika Eldoret tangu 2006 na ambao ndio msingi wa KenyaEMR, ulikuwa ukihifadhi vipimo vya dawa kama maneno ya kuandikwa huria. Toleo la 1.10 la mwaka 2014 lilitaka kila neno lifungamanishwe na dhana moja katika kamusi ya mfumo. Uhamisho haukubahatisha, ulimtaka msimamizi alete faili inayotaja kila neno na dhana yake, na neno moja likikosekana, kazi husimama. Majaribio yake huianzisha hifadhidata ya toleo la 1.9 na kuhakikisha kwamba inakataa pale inapopasa kukataa. Hiyo ni kazi ya leksikografia, ingawa walioifanya huenda hawakuiita hivyo.

Kwa jedwali la Mosocho, basi, mistari ya jaribio iwe na Nyang'au mwenye ritifaa iliyonyooka, mwingine mwenye iliyopinda, na Nyangau asiye nayo kabisa, maana tahajia zote hizo humo katika vyeti vya watu, na baada ya uhamisho wawe bado watu watatu. Awepo pia mtu wa Ekerenyo aliyeandikwa Kisii, na mwingine ambaye mahali pake hapakuandikwa. Kwa huyu jibu linalotarajiwa ni kaunti kuachwa wazi na mstari kuwekewa alama ili karani aulize. Kisha uhamisho urudishwe nyuma na mistari ilinganishwe upya. Hapo ndipo itaonekana kwamba safu ya mkoa iliyofutwa hurudi ikiwa tupu, na kwamba safu za zamani zilipaswa kuachwa kando ya ile ya kaunti hadi karani amalize kuuliza.