Tekneti: Madini Yanayokamuliwa Kama Maziwa

Vitu vyote tuvionavyo, kama chuma, maji, udongo, na hata miili yetu, vimefanywa kwa elementi. Nyingi katika hizo hupatikana ardhini, majini au hewani; lakini ziko nyingine ambazo hutengenezwa na binadamu. Ya kwanza kutengenezwa hivyo ni tekneti, na jina lake limetokana na neno la Kiyunani lenye maana ya "iliyotengenezwa".

Tekneti iligunduliwa mwaka wa 1937 mjini Palermo, Italia, na mabingwa wawili, Carlo Perrier na Emilio Segrè. Waliipata katika kipande cha madini ya molibdeni walicholetewa kutoka Berkeley, Marekani, ambako kilikuwa kimepigwa kwa chembe za atomu ndani ya mtambo mkubwa.

Pengine msomaji atauliza, "Kitu kama hicho kina faida gani?" Faida yake kubwa huonekana hospitalini. Daktari akitaka kujua kama moyo unapata damu ya kutosha, au kama saratani imeenea mifupani, mgonjwa hupigwa sindano yenye tekneti kidogo sana, iliyotiwa katika dawa ya kuipeleka mahali panapotakiwa. Tekneti hutoa miali isiyoonekana kwa macho. Kamera maalumu huipokea miali hiyo na kuonyesha hali ya kiungo, bila mtu kupasuliwa. Baada ya saa 6 nusu ya nguvu yake huwa imekwisha, na baada ya siku moja hubaki sehemu moja tu katika 16. Ndiyo sababu miali anayoipata mgonjwa si mingi.

Lakini kitu kinachokwisha upesi hivyo hakiwekwi ghalani. Basi hufanywaje? Hospitali hununua chombo chenye kuta za madini ya risasi. Ndani yake mna molibdeni iliyotoka katika kinu cha atomiki, nayo hugeuka kidogo kidogo kuwa tekneti. Kila siku mtaalamu hupitisha humo maji ya chumvi, nayo hutoka na tekneti na kuiacha molibdeni. Wataalamu wenyewe hukiita chombo hicho "ng'ombe", na kazi hiyo huiita "kukamua". Baada ya wiki moja hivi ng'ombe huyo hukauka, na hapana budi kuletwa mwingine.

Hapo ndipo penye shida, kwa maana vinu vitoavyo molibdeni hiyo ni vichache duniani. Mwezi wa Mei 2009 kinu cha Chalk River, nchini Kanada, kilisimamishwa kwa kuwa kilivuja, wala hakikurudi kazini mpaka Agosti 2010. Katika nchi nyingi hospitali ziliahirisha uchunguzi, na wagonjwa wakangoja bila kujua hali yao.

Kila mfugaji anajua kwamba nyumba inayotegemea ng'ombe mmoja hulala njaa siku anapokauka. Kwa sababu hiyo, tangu wakati ule mabingwa wa nchi mbalimbali wamekuwa wakitafuta njia nyingine za kuipata molibdeni hiyo, ili tekneti isikosekane hospitalini.