Stempu za Askari wa Zamani

Askari anaporudi kwao baada ya utumishi wake, aghalabu huja na vitu vichache: nishani, cheti cha kuachishwa kazi, na barua alizoandikiana na jamaa zake. Nishani hutunzwa. Barua hutiwa mkebeni zikasahauliwa, na pengine watoto huzichana ili wachezee stempu zake. Hii ni hasara ambayo watu wa Garsen, na wa vijiji vyote vya mto Tana, waweza kuizuia.

Kukusanya stempu ni kazi ya starehe iliyopendwa na wanajeshi wa mataifa mengi. Mfalme George wa Tano wa Uingereza, aliyekuwa baharia wa kivita kabla ya kutawala, alikuwa mkusanyaji hodari. Mwaka 1904, alipokuwa bado mwana wa mfalme, alinunua kwa pauni 1,450 stempu moja ya Mauritius ya mwaka 1847, ambayo bei yake ya posta ilikuwa peni mbili tu. Nchini Marekani, chama kiitwacho Stamps for the Wounded kilianzishwa mwaka 1942 ili kuwapelekea stempu askari waliojeruhiwa. Kwani mtu aliyelazwa kitandani, hata akiwa amepoteza miguu, aweza kuzipanga, kuzichunguza na kutuliza moyo wake.

Askari wa King's African Rifles walikuwa na sababu nyingine ya kuzithamini stempu, nayo ni kwamba safari zao zimeandikwa humo. Mapema mwaka 1941 majeshi yalivuka kutoka upande wa Tana kuingia Somalia, na mwezi wa Februari mji wa Mogadishu ulitwaliwa. Tangu mwaka 1943 stempu za Uingereza zilitumika huko zikiwa zimepigwa chapa ya herufi E.A.F., maana yake Majeshi ya Afrika Mashariki. Mwaka 1948 chapa ilibadilika ikawa B.M.A. SOMALIA, yaani utawala wa kijeshi wa Waingereza. Na mwaka 1950 ikawa B.A. SOMALIA, neno la jeshi likiwa limeondolewa. Mwezi wa Aprili mwaka huo huo nchi ilikabidhiwa Italia iwe mwangalizi wake. Basi stempu tatu zapangwa katika ukurasa mmoja, na mtoto aisoma historia ya miaka saba.

Barua zilizotoka nyumbani zilibeba stempu za Kenya, Uganda na Tanganyika, zenye picha za korongo, simba, mlima Kilimanjaro, ziwa Naivasha na daraja la reli la Jinja. Nazo barua za askari waliopigana Burma mwaka 1944 zilipitia posta ya jeshi. Mihuri yake ilikuwa na nambari badala ya jina la mji, ili adui asijue kikosi kilipo, na nyingi zilitiwa pia alama ya mkaguzi.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: bahasha ya jeshi isikatwe, wala stempu yake isibanduliwe. Muhuri, anwani na alama ya mkaguzi ndiyo ushahidi wenyewe. Stempu ikiondolewa, ushahidi umekwisha. Stempu za bahasha za kawaida zaweza kulowekwa katika maji baridi mpaka zibanduke zenyewe, kisha zikaushwe kifudifudi juu ya karatasi safi na kulazwa ndani ya kitabu kizito. Zishikwe kwa kibano, kwani vidole vina jasho na mafuta. Kamwe zisipakwe gundi ya dukani.

Wahenga walisema akiba haiozi, lakini akiba ya karatasi huoza upesi kando ya mto. Mafuriko ya mwaka 1961 na ya 1997 yaliziharibu nyumba nyingi za bonde la Tana, na mchwa hawangoji mafuriko. Mkebe usiwekwe chini. Utundikwe juu, mbali na moshi wa jikoni, nao ufunguliwe mara kwa mara wakati wa kiangazi ili unyevu utoke.

Mwisho, mtu asiuze kwa haraka. Thamani hutegemea uchache wa stempu na uzima wake, si umri peke yake. Afadhali mnunuzi wa kwanza asikubaliwe mpaka wa pili ameulizwa.

Askari wengi wa vita vile wamekwisha kufariki. Lakini wapo waliotumwa na Kenya kulinda amani Namibia mwaka 1989 na Yugoslavia mwaka 1992, nao pia waliandika barua. Yafaa wakae na wajukuu wao na kuandika kwenye karatasi ya kando kila barua ilitoka wapi na ilimfikia nani. Stempu yaweza kununuliwa sokoni. Maelezo ya mwenyewe hayanunuliki.