Kabla ya kubadili injini ya basi, jua kilichoiua ya kwanza

Basi lililolala gereji haliingizi fedha, ndiyo maana wamiliki wengi hukimbilia kununua injini iliyotumika na kuifunga haraka. Haraka hiyo huwaponza, kwani injini ya pili hufa kwa ugonjwa ule ule.

Kama ya kwanza ilichemsha, rejeta isafishwe au ibadilishwe kabla ya nyingine kuingia. Kama turbo ilivunjika, mabomba ya hewa na intakula yafunguliwe na kusafishwa. Kipande cha chuma kilichobaki humo kitamezwa na injini mpya.

Injini ya basi kubwa huweza kufikia uzito wa tani moja. Fundi atoe kwanza waya za betri, amwage maji na oili, aweke alama kwenye kila waya na hozi, kisha atumie winchi imara. Mtu asipite chini ya mzigo unaoning'inia.

Injini ikiwa nje, kagua klachi na ubadili sili ya nyuma. Ikivuja baadaye, itabidi gia boksi ishushwe upya.

Baada ya kufunga, hewa itolewe kwenye njia ya dizeli, na injini izungushwe kwa stata bila kuwashwa hadi presha ya oili ipande.

Aidha, kwa Tanzania kadi ya gari ina namba ya injini. Tunza risiti na upeleke badiliko hilo Mamlaka ya Mapato (TRA), usije ukakwama siku ya kuuza basi.