Bluberi Mwitu: Zao Lisilopandwa na Mtu

Tumezoea kugawa mimea inayotulisha katika mafungu mawili. Kuna ya shambani, iliyopandwa na mtu kwa mbegu au kwa kipando, na kuna ya porini, inayojiotea yenyewe na kuchumwa na yeyote apitaye. Mgawanyo huo unatutosha kwa mambo mengi, lakini unashindwa mbele ya mmea mmoja mfupi wa Amerika Kaskazini, ambao wataalamu huuita Vaccinium angustifolium na wakulima wake huuita bluberi mwitu. Katika jimbo la Maine nchini Marekani, na katika Quebec, Nova Scotia na New Brunswick nchini Kanada, mmea huu umetanda juu ya maelfu ya hekta, na matunda yake huvunwa, hugandishwa na kuuzwa hadi ng'ambo. Hata hivyo, karibu eneo lote hilo halikupandwa na mtu. Anayedhani basi kwamba wenyeji wa huko wanaokota neema tu bila jasho amekosea. Bluberi mwitu ni zao la matunzo, na bila matunzo hayo mashamba yake yangemezwa na msitu.

Kwanza tuutofautishe na ndugu yake. Bluberi kubwa zinazouzwa katika maduka makubwa ya Nairobi, zikiwemo zinazolimwa Kenya kwenyewe, hutoka kwenye vichaka virefu vinavyoweza kumzidi mtu kimo. Zao hilo halijafikisha umri mkubwa. Mwaka 1911, Elizabeth White wa New Jersey alianza kushirikiana na mtaalamu wa mimea Frederick Coville kuchagua na kuzalisha vichaka bora vya msituni, na mwaka 1916 wakauza mavuno yao ya kwanza. Tangu hapo aina nyingi zimebuniwa, zikasambazwa kwa vipandikizi hadi mabara mengine. Bluberi mwitu haikupitia njia hiyo. Mmea wake kwa kawaida haufiki magotini, na tunda lake ni dogo, la buluu iliyokoza, lenye ganda jingi kulinganisha na nyama yake. Tena ndani ya shamba moja utakuta mabaka ya rangi mbalimbali: hapa matunda meusi, pale ya buluu hafifu, kando yake matamu zaidi, mengine yenye ukali. Kila baka ni mmea mmoja uliojitandaza, wenye nasaba yake peke yake.

Siri ya kujitandaza huko iko ardhini. Sehemu kubwa ya mmea huu haionekani, kwa kuwa ni mtandao wa mashina yanayotambaa sentimita chache chini ya udongo, kama tangawizi inavyofanya, na kuchipua juu hapa na pale. Mbegu zake zikiota, miche huchukua miaka mingi kushika eneo, ndiyo maana mkulima hapati faida kwa kupanda. Anachofanya ni kutafuta ardhi ambayo mmea tayari umo, mara nyingi chini ya kivuli cha miti, kisha kuondoa miti na mawe ili jua liufikie. Ardhi yenyewe ni ya aina ambayo mazao mengi huikataa. Barafu kuu iliyofunika eneo hilo ilipoyeyuka, zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, iliacha nyuma tambarare za mchanga na kokoto zenye tindikali nyingi na rutuba haba. Bluberi mwitu hustawi hapo kwa msaada wa fangasi wanaoishi katika mizizi yake na kuiwezesha kufyonza naitrojeni ambayo mimea mingine isingeipata. Mahali ambapo mahindi yangedhoofu, mmea huu haupati mshindani wa maana isipokuwa miti na magugu machache.

Ushindani wa miti ndio ulioleta moto. Muda mrefu kabla ya Wazungu kufika, watu wa mataifa ya Wabanaki, wakiwemo Wapassamaquoddy, Wapenobscot na Wami'kmaq, walichoma maeneo hayo ili kuyahuisha, wakachuma matunda na kuyakausha kwa ajili ya majira ya baridi. Maarifa yao yanaeleweka vizuri ukitazama maumbile ya mmea. Moto unaopita haraka wakati udongo ungali na unyevu huteketeza matawi ya juu na miche ya miti, lakini mashina ya ardhini husalimika. Mwaka huohuo huchipua vitawi vipya, na kabla ya baridi kuingia vitawi hivyo hufanya matumba ya maua. Maua hufunguka masika yanayofuata, na matunda huiva kuanzia mwisho wa Julai hadi Agosti. Tawi likizeeka hupungukiwa matumba, kwa hiyo mkulima hukata au kuchoma tena, na mzunguko wa miaka miwili huanza upya. Siku hizi wengi hufyeka kwa mashine badala ya kuchoma, ila kalenda ni ileile: kwa kawaida nusu ya shamba huzaa mwaka huu, nusu nyingine hujiandaa kwa mwaka ujao.

Hata kuzaa kwenyewe kunadai uangalizi. Mmea mmoja, kwa sehemu kubwa, hauwezi kujirutubisha kwa chavua yake. Unahitaji chavua kutoka baka jingine lenye nasaba tofauti. Chavua hiyo imefungwa ndani ya mirija midogo yenye tundu kwenye ncha moja, nayo hutoka vyema mdudu anapolitikisa ua. Nyuki wakubwa wa asili wenye manyoya mengi wanaujua ufundi huo, wakitetemesha misuli yao hadi unga umwagike. Nyuki wa asali hawaujui, lakini wingi wao hufidia, na kila masika malori huleta mizinga yao kutoka mbali. Mavuno nayo yalipata chombo chake katika karne ya 19, reki yenye meno membamba inayochana vichaka na kukusanya matunda katika kisanduku chake. Kwa vizazi vingi Wami'kmaq kutoka Kanada wamevuka mpaka kila Agosti kwenda Maine kuvuna kwa reki hizo, na baadaye wakaungana nao wahamiaji kutoka Amerika ya Kati na Meksiko.

Hapa pana pingamizi la haki. Kama shamba linafyekwa kwa mashine, linaletewa nyuki kwa malori na kunyunyiziwa dawa, je, neno mwitu si hila ya wauzaji? Dawa zipo kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakulima wa Maine walianza kutumia heksazinoni, inayoua magugu na kuuacha mmea wa bluberi. Mavuno yakapanda, lakini baadaye mabaki yake yakagunduliwa katika maji ya visima. Jambo hilo halifai kufichwa, na mnunuzi anayedhani kwamba mwitu maana yake ni bila kemikali anapaswa kujua ukweli. Hata hivyo neno hilo linabeba maana moja iliyo sahihi: hakuna aliyechagua nasaba ya mimea hiyo. Vichaka vinavyozaa leo vinatokana na mbegu zilizodondoshwa na ndege na wanyama, na uanuwai wake ndio unaosaidia zao likabili baridi ya ghafla, ukame na magonjwa, kwa sababu si mabaka yote yanayochanua au kuugua kwa wakati mmoja. Anayetaka kuulinda umwitu wa kweli autafute hapo, katika uanuwai wa shamba, na adai dawa zipungue.

Wengine watauliza: kwa nini basi jitihada zote hizo, wakati vichaka virefu vya kupandwa vinazaa zaidi na kuchumwa kwa urahisi? Kwa hesabu ya soko peke yake, swali hilo lina nguvu. Mwaka 2014 Maine ilivuna zaidi ya ratili milioni 100, yaani tani zipatazo 45,000, lakini bei ikaporomoka, na kufikia 2016 mkulima alilipwa chini ya senti 30 za dola kwa ratili. Baadhi ya wakulima waliacha kuvuna. Ila vichaka virefu haviwezi kuchukua nafasi ya mfumo huu katika tambarare zile za mchanga, wala haviwezi kubeba historia yake. Wapassamaquoddy, baada ya sheria ya 1980 iliyomaliza madai yao ya ardhi, walinunua mashamba ya bluberi katika kaunti ya Washington jimboni Maine, nao wanayaendesha hadi leo. Kwao zao hili ni uchumi na ni haki iliyorudishwa kwa pamoja.

Tatizo la bei linatuonyesha gharama ya ule mgawanyo wa shamba na pori. Mtu akiamini kwamba cha porini hujiotea, huona pia kwamba hakimgharimu yeyote, na hukilipia kidogo. Mkulima asipolipwa hufyeka kidogo, na miti hurudi. Funzo hili linatuhusu sisi wa Afrika Mashariki na Kongo pia. Katika milima ya Rwenzori na Virunga huota Vaccinium stanleyi, jamaa wa bluberi hizi, na kuna mimea mingi ya chakula katika nchi zetu ambayo haikupandwa lakini imelindwa na watu kwa vizazi. Kazi ya kuilinda ni kilimo, ingawa hakuna jembe lililoingia ardhini. Sheria za ardhi, bei za soko na wataalamu wa kilimo wakiitambua hivyo, walinzi wake watakuwa na sababu ya kuendelea. Wasipoitambua, mimea hiyo itapotea mikononi mwa watu wanaoipenda lakini hawawezi kumudu kuitunza.