Msomaji na Orodha Yake

Mtu asomaye habari katika intaneti aghalabu hudhani kuwa ndiye achaguaye asomacho, ilhali wenye mitandao ya kijamii ndio wapangao kipi kitangulie na kipi kizame kisionekane, na katika kupanga huko faida yao huja mbele ya haja yake. Ipo njia nyingine, nayo ni kongwe kwa umri wa mambo ya kompyuta. Mwaka 1999 wataalamu wa Netscape huko Marekani walibuni utaratibu uitwao RSS: tovuti huweka faili dogo lenye vichwa vya makala zake mpya, tarehe zake na anwani zake, na faili hilo, liitwalo mlisho, hukaguliwa kila baada ya muda na programu ya msomaji mwenyewe, ikamletea makala kwa mfuatano wa kutoka kwake, pasipo dalali katikati.

Wengi walikabidhi kazi hiyo kwa Google Reader, iliyoanza mwaka 2005, wakastarehe nayo hadi Machi 2013 Google ilipotangaza kuwa itaifunga. Na tarehe 1 Julai ikaifunga. Hapakuwa na dhuluma, maana kitu kilikuwa chake na hakikuwa na malipo, lakini msomaji aliyejenga ada yake ya kila asubuhi juu ya hisani ya mwingine alibaki na orodha mkononi bila pa kuisomea. Kwa sadfa, mwezi ule ule wa Machi Solomon Hykes alionyesha mbele ya mkutano huko California, kwa dakika chache tu, chombo kiitwacho Docker, ambacho hakikukusudiwa wasomaji wa habari hata kidogo, lakini ndicho kilichorahisisha mno kazi ya kujiwekea kisoma-milisho nyumbani.

Kabla yake, kusimamisha programu ya seva kulihitaji subira ya fundi, kwa kuwa programu hii ilidai maktaba za toleo hili na ile za toleo jingine, zikagombana ndani ya mashine moja. Docker huifunga programu pamoja na kila inachokihitaji ndani ya kontena, ikatua juu ya karibu kompyuta yoyote yenye Linux kama kontena la bandari ya Mombasa litulivyo juu ya lori lolote, na kreni isiulize mna chai au mna saruji.

Chukua mfano wa Miniflux, kisoma-milisho kilichoandikwa na Frédéric Guillot. Yahitaji makontena mawili, moja la programu na jingine la hifadhidata ya PostgreSQL, nayo yote huelezwa katika faili moja fupi la maandishi: majina yake, neno la siri, mlango wa kuingilia, na mahali pa kuwekea data. Kompyuta kuukuu, au ile ndogo iitwayo Raspberry Pi, yatosha. Amri moja huyasimamisha, na kwa kawaida yake Miniflux hupitia milisho kila saa. Seva nyingi zikiulizwa na hazina jipya hujibu hivyo kwa ufupi pasipo kutuma faili upya, jambo ambalo mnunuzi wa bando hawezi kulidharau.

Hapo kwenye data ndipo penye hatari. Kontena ni kitu cha kutupwa: toleo jipya litokapo, la zamani huondolewa likaja jingine, na kila kilichoandikwa ndani yake hupotea nalo. Kwa hiyo folda ya hifadhidata sharti iwe nje ya kontena, katika diski ya mwenyeji, na nakala yake iwekwe kwingine kabisa, maana sasa hakuna kampuni ya kulaumiwa. Fauka ya hayo, asiyeujua ulinzi wa seva asiufungulie ulimwengu mlango huo. Na aridhike kusomea ndani ya mtandao wa nyumba.

Milisho yenyewe haijafa, ijapokuwa Facebook haitoi na tovuti kadhaa zimeificha. Tovuti iliyojengwa kwa WordPress kwa kawaida huonyesha mlisho wake ukiongeza neno “feed” mwishoni mwa anwani, podikasti zote za kawaida husafiri kwa RSS, na BBC Swahili nayo inao. Na kwa kuwa Miniflux hukubali watumiaji wengi, mke aweza kufuata habari za uchumi na mume mpira, kila mmoja kwa orodha yake, na asiione ya mwenzake.