Maji ya Kunde

Nilikwenda Kariakoo kwa ajili ya saa ya marehemu baba yangu, iliyokuwa imesimama yapata miezi miwili, wala sikuwa na haja nyingine. Lakini fundi niliyeelekezwa kwake, mzee wa miaka sabini na ushei aliyeniomba nisimtaje jina, hakuwa akishughulika na saa ya mtu yeyote nilipomwamkia. Lenzi ameibana jichoni, brashi ya nywele chache i mkononi, na mbele yake, juu ya kizibo cha chupa, amesimama askari wa kaki mwenye kimo cha milimita 54. Pembeni palikuwa na bakuli la kaure lenye maji ya kunde zilizochemshwa. Nikadhani ni masazo ya chakula cha mchana, nikanyoosha mkono kulisogeza ili niweke saa yangu.

"Usiyaguse hayo, mwanangu," akasema kwa upole. "Hiyo ndiyo ngozi."

Saa niliiacha, na neno hilo nikaondoka nalo. Juma lililofuata nilirudi kwa ajili ya neno, si kwa ajili ya saa.

Sisi Waswahili twataja rangi za watu pasi na taabu: huyu mweusi, huyu mweupe, yule maji ya kunde, kisha twapita. Mzee alikwama hapo kwenye hilo la tatu, na aliyemkwamisha ni kopo. Rangi za vijisanamu aghalabu zatoka ng'ambo, na ile iliyobandikwa jina la rangi ya mwili, mathalan namba 61 ya Humbrol, ni wardi hafifu, mwili wa Mwingereza asiyeonja jua. (Crayola wa Marekani walitanabahi mwaka 1962, wakaacha kuiita kalamu yao ya rangi hiyo kwa jina la mwili, wakaipa jina la tunda.) Basi akatwaa kahawia, na kila palipostahiki mwanga akaitia nyeupe, kama alivyosoma kuwa hufanywa kwa nyuso za Wazungu, akapata askari aliyepauka, mithili ya mtu aliyetoka kuogelea baharini asijipake mafuta. Alimtia katika tapentaini, akamwanza upya, akapauka tena.

Jibu alilipata jikoni. Alinionyesha kwa kumimina maji yale katika kikombe cheupe na kukiinamisha taratibu dirishani: ukingoni, yalipokuwa membamba, yalikuwa mekundu kama hina iliyokolea, kati yakawa kahawia, na pale yalipokusanyika yakakaribia weusi. Maji ni yale yale, kilichobadilika ni kina. Tangu siku ile, alisema, aliacha kutafuta rangi ya ngozi katika kopo lolote, akaanza kuitandaza tabaka juu ya tabaka, kila moja nyembamba hata ile ya chini ionekane, akingoja ikauke kabla ya kuongeza nyingine, ili wekundu wa chini upenye kama damu ipenyavyo katika shavu la mtu aliye hai.

Uso wenyewe, nawaomba wasomaji wazingatie, hauzidi punje moja ya kunde. Pua ya kadiri hiyo haiwezi kujitilia kivuli ambacho jicho litakiona, hivyo sharti fundi akichore: chini ya nyusi, ubavuni mwa pua, chini ya mdomo, kana kwamba jua li utosini. Kivuli hicho hakitii nyeusi, kwani nyeusi, kwa kauli yake, huua. Hutia zambarau iliyochanganywa na kahawia. Penye mwanga hutia manjano ya udongo na rangi ya chungwa. Mdomo wa chini huuzidishia wekundu kuliko wa juu, viganja huvipunguzia tabaka, na weupe wa jicho hauwi mweupe, bali rangi ya maziwa yaliyokaa. Mwisho kabisa, juu ya mfupa wa shavu na kwenye paji, hugusa samawati iliyofifia, tone lisiloonekana bila lenzi, kwa sababu ngozi nyeusi yenye mafuta, asema, hubeba mbingu juu yake. Nilitoka nje nikawatazama wapita njia wa Mtaa wa Msimbazi. Nakiri kwamba sijapata kuwatazama watu vile.

Nilimtajia sanamu ya Askari iliyosimama katikati ya mji tangu 1927. Akacheka: yule ni wa shaba, na shaba imemsamehe mchongaji swali hili lote. Yeye hakusamehewa. Makeya, yaani askari wa jeshi la kikoloni la Waingereza, waliopigana Vita Kuu ya Kwanza walitoka Nyasa, Uganda, Kenya na kwingineko, na picha zao alizo nazo ni za rangi ya majivu tupu. Nani kati yao alikuwa mweusi tititi, nani maji ya kunde? Askari sita waliokwisha kamilika amewapaka kwa kutazama mgongo wa mkono wake mwenyewe, na jambo hilo limeanza kumwudhi, maana amegundua kuwa amewafanya ndugu watu ambao hawakujuana.

Wa saba yu rafuni. Kaki yake imekwisha, vifungo vyang'aa, viatu vina vumbi. Uso bado ni rangi ya kijivu ya awali. Nilimwuliza atampaka lini. Alinirudishia saa, ikitembea, akasema bado anamtafuta mtu.